Kuku Wanakufa na Nguruwe Wako Jirani: Kutafuta Chanzo Kabla Homa ya Ndege Haijavuka Banda

Hapa Kenya, maboma mengi ya Bahati, Njoro, Kibos, Butere au Matayos hufuga kuku na nguruwe ndani ya robo ekari, mara nyingi ukuta mmoja ukiwatenganisha na toroli moja ikiwahudumia wote. Swali la homa ya ndege huulizwa siku nguruwe anapokohoa. Kwa kawaida muda huwa umeshapita, kwa kuwa nguruwe aliyepata virusi vya ndege anaweza asionyeshe lolote. Nchini Indonesia, virusi vya H5N1, aina kali ya homa ya ndege, vilipatikana kwa nguruwe kati ya mwaka 2005 na 2007, na wengi wao hawakuwa na dalili. Oktoba 2024, katika kaunti ya Crook jimboni Oregon, Marekani, virusi hivyo viliingia kwenye shamba dogo la nyumbani ambako kuku na mifugo mingine walitumia maji, mabanda na vifaa vilevile. Kati ya nguruwe 5 waliokuwapo, 2 walikutwa navyo. Hakuna aliyeonekana mgonjwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye banda la kuku. Ukifuga wote wawili, kuku wakianza kufa ovyo hesabu kwamba nguruwe naye yuko hatarini mpaka maabara iseme vinginevyo.

Sababu ya kumwogopa nguruwe kuliko mbuzi aliyelala banda la pili ni hii: njia yake ya hewa ina vipokezi vya aina mbili, vile vinavyoshikwa na mafua ya ndege na vile vinavyoshikwa na mafua ya binadamu. Virusi hivi hubeba jeni zao katika vipande 8 vilivyotengana. Virusi vya aina mbili vikiingia seli moja, vipande huchanganyika na kutoa virusi vipya. H1N1 iliyoenea duniani mwaka 2009 ilikuwa na jeni zenye asili ya nguruwe, ndege na binadamu.

Kuku wanakufa, nguruwe wako sawa

Anza na hesabu kabla ya dawa. Vipimo vinavyotumika Ulaya kuamua kwamba kundi linashukiwa vinafaa hata huku kwa kuku wa biashara: chakula au maji kupungua kwa zaidi ya asilimia 20, mayai kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa zaidi ya siku mbili, au vifo kupita asilimia 3 kwa wiki. Kwa kuku 300 wa mayai, asilimia 3 ni kuku 9. Kuku wa kienyeji kumi wanaozurura hawapimiki hivyo. Hao, wawili wakifa siku moja bila mwewe wala gari, piga simu.

Kisha tazama wafu na walio hai. Homa kali ya ndege huvimbisha kichwa, huufanya undu wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo kuwa za zambarau, na huweza kuacha madoa mekundu ya damu kwenye miguu isiyo na manyoya. Mayai huja na ganda laini. Wengine hufa kabla ya kuonyesha chochote. Unakuta mizoga asubuhi na chakula kimebaki.

Tatizo ni kwamba kideri (Newcastle) huweza kufanya karibu hayo yote, na kideri tunacho kila mwaka. Shingo kupinda, kinyesi cha kijani na kuku kuhema mdomo wazi huelekeza kwa kideri, lakini hayaondoi homa ya ndege. Kipindupindu cha kuku nacho huvimbisha ndevu. Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi, hupiga zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6, kwa hiyo kuku wa mayai wa mwaka mmoja wakifa usitafute huko. Sumu huua ndani ya saa chache baada ya gunia jipya kufunguliwa au mahindi yenye dawa kumwagika, na mara nyingi bata na njiwa waliokula hapo hufa pia. Joto huua mchana, walio wanene kwanza.

Wengi husema, "Lakini nilichanja." Uliza chanjo ilifikaje. Chupa iliyonunuliwa kwenye agroveti mjini Kisumu saa sita mchana ikasafiri mfukoni ndani ya matatu hadi Siaya, au iliyochanganywa na maji ya mfereji yenye klorini, huenda haikuchanja chochote. Hapo kideri kinabaki mshukiwa. Ikiwa chanjo ya kideri ilihifadhiwa kwenye barafu, ikatolewa kwa tarehe yake, na bado kundi linateketea, shaka ya homa ya ndege inapanda. Kwa macho huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo, na hata daktari hawezi. Ni maabara.

Kabla daktari hajafika, fanya haya kwa mfuatano huu:

1. Funga mlango wa banda la kuku. Kuku, yai, trei wala mbolea isitoke. Anayehudumia kuku asikanyage kwa nguruwe; kama ni mtu mmoja tu, aanze kwa nguruwe, amalizie kwa kuku, kisha aoge na kubadili nguo na viatu.
2. Toa nguruwe kwenye uwanja ambao kuku huzurura, uwafungie ndani. Mwaga maji yaliyomo kwenye kihori, sugua, weka mapya kutoka chanzo ambacho ndege hawakifikii.
3. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi au ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuripotiwa amtenge na atoe taarifa. Mwambie waziwazi kwamba una nguruwe. Hilo hubadilisha sampuli atakazobeba.
4. Usimpasue kuku aliyekufa ili uone ndani. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki na umweke kivulini mbali na mbwa.

Na lile linalofanywa kila mahali: kuku anapoanza kusinzia, anachinjwa haraka "asije akafa bure", nyama inaingia sufuriani na matumbo yanatupiwa nguruwe. Nyama ikiiva hadi ndani, nyuzi 70 na zaidi, virusi hufa. Hatari iko kabla ya sufuria, kwenye damu, manyoya na matumbo, na kwa anayenyonyoa. Kwa nguruwe, kulishwa matumbo hayo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata virusi.

Bata wazima, kuku wanakufa

Hii isikupe moyo. Bata huweza kubeba na kumwaga virusi kwenye kinyesi bila kuumwa. Maeneo ya mpunga ya Ahero, kingo za ziwa huko Dunga, kinamasi cha Yala na vidimbwi vya kuzunguka maziwa Nakuru, Elementaita na Naivasha hupokea ndege wahamiaji takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, na bata wa nyumbani huogelea nao. Januari 2017, virusi vya H5N8, aina nyingine ya homa ya ndege, viliua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda na kufika kwa bata na kuku wa kufugwa. Kenya ikasimamisha kuku kutoka huko. Bata akirudi jioni na kulala kwenye tope la nguruwe, ameleta dimbwi zima nyumbani. Katika miezi hiyo bata afungwe, au nguruwe asitumie maji yake. Bata kuzurura na nguruwe kunywa maji yake haviwezi kwenda pamoja.

Nguruwe wote wanakohoa, ghafla

Juzi walikuwa wazima, leo nusu ya banda wamelala wamerundikana, hawali, pua zinatiririka, wanapumua kwa tumbo, na ukiwainua wanakohoa kwa mfululizo. Haya ni mafua ya nguruwe kwa sura yake ya kawaida. Pima joto kwa njia ya haja kubwa: kawaida ni takriban nyuzi 38.5 hadi 39.5, kwenye mafua hupanda hadi 40.5 au hata karibu 42. Wengi hupona ndani ya siku 5 hadi 7 na wanaokufa huwa wachache sana.

Chanzo cha kwanza kuulizia hapa ni watu. Nani alikuwa na mafua wiki iliyopita? Binadamu huambukiza nguruwe mafua yake kwa urahisi, na mfanyakazi anayepiga chafya huku akimimina pumba ni chanzo kinachotosha. Cha pili ni nguruwe mpya: aliingia lini, alitengwa? Chini ya siku 21 za kutengwa ni kama hakutengwa. Cha tatu ni ndege. Kuku wakiwa wamekufa ndani ya wiki mbili zilizopita, au mizoga ya ndege wa porini ikiwa imeonekana, usikubali jibu la "ni baridi tu". Kisa hiki kinahitaji kipimo siku hiyohiyo, kwa sababu nguruwe humwaga virusi puani kwa takriban siku 7 tu, na sampuli nzuri hutoka kwa mwenye homa wa siku ya kwanza hadi ya tatu.

Sindano ya antibiotiki haiui virusi. Daktari anaweza kuitoa kuzuia bakteria wa mapafu wanaofuata, na hiyo ni kazi halali, lakini ukiidunga mwenyewe na nguruwe akapona siku ya tano, utaisifu dawa kwa kazi ambayo mwili ungeifanya.

Mmoja hapa, mmoja pale, kikohozi cha wiki nyingi

Haielekei kuwa homa ya ndege. Kikohozi kikavu, hasa baada ya kukimbizwa au asubuhi, nguruwe anakula lakini hanenepi: fikiria maikoplazma, bakteria wa mapafu. Nguruwe wanaofungwa kamba au kuzurura, kama ilivyo kawaida sehemu za Busia na Homa Bay, hupata pia minyoo ya mapafu kwa kula nyungunyungu. Ivermektini ya asilimia 1 hudungwa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila kilo 33 za uzito. Siku za kusubiri kabla ya kuchinja ziko kwenye lebo na zifuatwe.

Kabla ya kununua dawa yoyote, hata hivyo, lowesha pumba kwa maji siku tatu. Kikohozi kikipungua, ilikuwa vumbi. Kisha chuchumaa hadi kimo cha pua ya nguruwe: macho yakikuwasha, amonia imezidi na dawa ni koleo na dirisha.

Masikio na tumbo vyekundu, nguruwe wanakufa

Hii ni homa ya nguruwe ya Afrika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, na magharibi hurudi mara kwa mara. Hauna tiba, huua karibu wote, na kuku hawaupati kabisa. Usiutafutie chanzo kwenye banda la kuku. Tafuta nyama ya bei ya chini iliyoletwa, makombo, dume la kuazima, au kupe. Madoa yenye umbo la almasi mgongoni ni jambo jingine, ugonjwa wa bakteria uitwao erisipela, na hilo penisilini huliweza.

Virusi vinavukaje?

Daktari akishachukua sampuli, tembea njia yote kati ya mabanda mawili ukiuliza kila kitu kinachopita. Virusi hivi havirukaruki vyenyewe. Hubebwa, na aghalabu ni kinyesi kinachobebwa. Kwenye kinyesi cha ndege hudumu siku 35 au zaidi katika nyuzi 4, na bado siku 6 katika nyuzi 37. Asubuhi za Molo na Mau Summit huwa karibu na ile ya kwanza kuliko ya pili.

Mizoga na mabaki ya kuchinja tumeshayataja. Yazikwe kwenye shimo la kina cha mita 2, yafunikwe kwa udongo wa angalau mita 1, mbali na kisima. Nyando na Ahero shimo hujaa maji kabla hujafika mita moja. Huko mizoga ichomwe, na ichomwe hadi majivu, kwa sababu mzoga uliobabuka nje tu huwa chakula cha mbwa. Mayai yaliyokataa kuanguliwa na vifaranga waliokufa kutoka mashine za kuangulia huuzwa kama chakula cha nguruwe katika baadhi ya maeneo. Hakuna bei inayofaa kwa bidhaa hiyo ikiwa mbichi.

Makombo ya hoteli yana mifupa na ngozi za kuku. Chemsha dakika 30 ukihesabu tangu maji yalipoanza kuchemka, huku ukikoroga, maana katikati ya sufuria nzito hubaki vuguvugu. Ndoo iliyoleta makombo mabichi isitumike kupeleka yaliyoiva.

Maranda ya banda la kuku ni chanzo kinachosahaulika kwa kuwa yanaonekana makavu. Wapo wanaoyatandikia nguruwe, wapo wanaoyachanganya kwenye chakula. Yarundike, yaloweshe kidogo ili yapate joto, yafunike kwa turubai na uyaache siku 42 kabla ya kuyapeleka shambani. Kwa nguruwe yasiende kabisa.

Maji: bwawa, mfereji wa mpunga, au tangi la maji ya paa lisilofunikwa. Korongo na yangeyange hawaombi ruhusa kutua juu ya paa. Funika tangi. Kama huna chanzo kingine, acha maji yatulie, chuja, kisha weka mililita 2 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa kila mtungi wa lita 20 na usubiri dakika 30. Maji ya tope hula klorini yote kabla haijafika kwa virusi. Na siku ya kuchanja kuku kwa maji, usitie klorini: itaua chanjo.

Vifaa: toroli, koleo, ndoo, gambuti. Nunua seti mbili na uzipake rangi tofauti. Ni gharama ndogo kuliko nguruwe mmoja wa kuchinja. Wavu wa kuzuia ndege uwe na matundu yasiyozidi sentimita 2, la sivyo shomoro na kwera wanapita.

Mnunuzi wa kuku anayezunguka na tenga nyuma ya bodaboda ametoka boma la jirani, na kabla ya hapo la jirani mwingine. Biashara ifanyike barabarani, langoni. Tenga lake lisiingie, na trei zake za mayai za karatasi zisirudi: plastiki huoshwa, karatasi haioshwi.

Dawa imewekwa mlangoni, ugonjwa umepita

Kosa ni karibu lile lile kila mara: dawa imemwagwa juu ya uchafu. Kinyesi huizima klorini. Kwanza kwangua, kisha sugua kwa sabuni na maji, acha ikauke, ndipo upake dawa na kuiacha ikiwa mbichi dakika 10. Klorini ya asilimia 3.5, ile ya chupa ya kufulia, huchanganywa lita 1 kwa lita 6 za maji kupata asilimia 0.5, soma lebo, kwani nguvu hutofautiana. Virkon S, dawa ya unga ya kuua vijidudu, ni gramu 100 kwa lita 10. Usichanganye klorini na dawa nyingine, hasa zenye asidi; hutoa gesi ya sumu. Beseni la mlangoni libadilishwe kila siku na liwe kivulini, kwa sababu jua huila klorini. Beseni lenye tope la juzi huwalowesha watu viatu tu.

Watu wa boma

Anayeshika ndege wanaokufa au nguruwe wanaoshukiwa avae barakoa inayobana, miwani, glavu na gambuti. Watoto na wajawazito wakae mbali. Hesabu siku 10 tangu mguso wa mwisho: macho mekundu, homa, kikohozi au kuishiwa pumzi, nenda hospitali na useme mara ufikapo kwamba ulishika kuku waliokufa. Ukinyamaza utatibiwa malaria. Dawa ya oseltamivir, inayopambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Mwenye mafua ya kawaida asihudumie nguruwe hadi apone. Hapo unawakinga nguruwe dhidi yako.

Kipimo kimerudi safi, lakini wanaendelea kufa

Uliza sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi. Nguruwe wa siku ya tisa ana pua safi hata kama aliambukizwa. Uliza ilisafiri vipi: pamba iwe kwenye kimiminika maalumu, ndani ya kisanduku chenye barafu, karibu nyuzi 4, na ifike maabara ndani ya saa 48. Ikiwekwa kwenye friza ya nyumbani kisha ikayeyuka njiani, virusi huharibika. Kwa kuku, sampuli za walio wagonjwa au waliokufa muda huohuo, kooni na kwenye tundu la haja, hushinda mzoga wa jana. Kuna maabara za kanda Nakuru, Kericho na Eldoret, na ile kuu iko Kabete.

Kwa nguruwe ambao kipindi cha pua kimepita, omba damu: sampuli ya sasa, na nyingine baada ya wiki 2 hadi 4. Kingamwili zikipanda kati ya hizo mbili, waliambukizwa. Sisitiza kipimo kitafute H5 yenyewe, yaani kundi la homa ya ndege kama H5N1. Kipimo cha jumla cha mafua A kitasema "ndiyo" kwa nguruwe aliyewahi kupata mafua ya kawaida ya nguruwe, na hutajua ni yapi.

Majibu yakisubiriwa, hakuna nguruwe anayekwenda sokoni wala kwenye bucha, hata yule mnunuzi aliyeshalipa arubuni. Kufungua boma ni kazi ya daktari wa mifugo wa kaunti, kwa barua. Ukiruhusiwa kuleta kuku tena, leta wachache kwanza, uwakalishe siku 21 kwenye banda lililosafishwa, na uwe na kalamu ya kuandika kila kifo na kila trei ya mayai.